UZI: Málmhaus (2013), binti wa zizini, gitaa la marehemu na matanga yasiyoanuliwa

#1 Kipaza Kibovu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Naomba tuijadili filamu moja ya Aisilandi iitwayo Málmhaus, iliyoongozwa na Ragnar Bragason na kuonyeshwa kwenye Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2013. Jina lake ukilifasiri neno kwa neno ni "kichwa cha chuma", yaani shabiki wa hevi metali, ule muziki mzito wa gitaa za umeme. Atakayeikuta kwenye orodha ya filamu ataona binti mwenye jaketi la ngozi na uso uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi, na huenda akadhani kuwa ni filamu ya kutisha. Mimi nilidhani hivyo, nikaipita kwa miezi kadhaa. Nilipokaa kuitazama nilikuta ni filamu ya msiba, na hoja yangu kwenu ni kwamba kila anachokifanya binti yule, kizuri na kiovu, kinatokana na matanga ambayo hayakuanuliwa nyumbani kwao.

Nieleze kisa, na asiyependa kusimuliwa filamu kabla ya kuiona aishie hapa. Hera ni mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mbali na mji. Angali mtoto, anamshuhudia kaka yake Baldur akifa shambani baada ya nywele zake ndefu kunaswa na mtambo wa trekta. Baldur ndiye aliyekuwa shabiki wa metali. Hera alikuwa mdogo wake tu. Baada ya mazishi binti anachukua jaketi la kaka yake, kanda zake na gitaa lake la umeme, na anamgeuzia Mungu mgongo kwa sababu anaona kwamba Mungu ndiye aliyeanza. Kisha filamu inaruka miaka, tunamkuta Hera ni mwanamke kijana, anayeigizwa na Þorbjörg Helga Þorgilsdóttir, akiwa bado kwenye shamba lile lile, ndani ya jaketi lile lile.

Kwetu Tanga msiba una kalenda. Jamvi linatandikwa, watu wanalala chini, hitima inasomwa, arobaini inafika, kisha mtu mzima anasimama na kusema kwamba sasa matanga yameanuliwa na kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Wako wanaoziona taratibu hizi kuwa ni gharama na usumbufu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipoitazama nyumba ya Hera nilielewa kazi ya yule mtu mzima. Baba na mama, walioigizwa na Ingvar Sigurðsson na Halldóra Geirharðsdóttir, wanamzika mtoto wao, wanarudi nyumbani, na asubuhi wanakwenda kukamua kwa sababu ng'ombe hawangoji. Hakuna anayesema neno juu ya Baldur. Hawagombani, hawapigani, hawalewi. Wanapakuliana chakula na kunyamaza, mwaka baada ya mwaka. Katika nyumba ile mtu mmoja tu anapiga kelele, na kelele zenyewe ni za gitaa.

Nina sababu yangu ya kuguswa. Kaka yangu alipofariki, mama aliifunika redio yake ya kaseti kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile kinachowekwa juu ya makochi, na kuanzia siku hiyo redio ile ikawa kama mgeni aliyelala sebuleni. Hatukuambiwa tusiiguse, ila hakuna aliyeigusa. Arobaini tuliisoma, lakini redio ile haikusomewa chochote.

Kuna mandhari inayorudi kichwani mwangu. Hera anasimama kando ya barabara na mizigo yake akisubiri basi la kumtoa kijijini. Basi linafika, linasimama, na binti hapandi. Niliwahi kusoma maoni ya mtazamaji mmoja aliyesema kwamba Hera ni mwoga wa maisha ya mjini. Sidhani. Aliyeko matangani haondoki mpaka aruhusiwe, na kwao hakuna aliyebaki na sauti ya kutoa ruhusa hiyo.

Naomba maoni yenu, hasa ninyi mnaoujua muziki wenyewe, kwa maana mimi nilikuwa nimezoea taarabu na muziki wa dansi.

#2 Mwana wa Ilala

Mkuu, nimeitazama filamu hiyo, na nadhani umemwonea huruma binti yule kupita kiasi. Ni kweli alifiwa, na kufiwa na ndugu mbele ya macho yako si jambo dogo. Hata hivyo Hera tunayemtazama kwa sehemu kubwa ya filamu si mtoto tena. Analewa, anawasumbua majirani ambao hawajamkosea, anawafanyia ukorofi watu waliomlea, halafu sisi watazamaji tunaombwa tuelewe. Wazazi nao walifiwa, na wao waliendelea kukamua. Mbona maumivu ya anayepiga kelele yanahesabiwa, na ya anayenyamaza yanaitwa kasoro?

Filamu za vijana wanaokua huwa na desturi ya kumpa kijana haki yote na kumpa mzazi ukimya wote. Hii imejitahidi kuikwepa desturi hiyo, nakiri, lakini haikufaulu kikamilifu.

#3 Jembe la Njombe

Ndugu zangu, mimi si mjuzi wa filamu. Nimeendesha trekta kwa miaka 14, na nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya ajali hiyo.

Nyuma ya trekta kuna shafti inayotoa nguvu kwenda kwenye mashine iliyofungwa, iwe ya kukatia majani au ya kufungia marobota. Kwa mashine nyingi shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika. Gawanya kwa 60 utapata mara tisa kwa sekunde moja. Mtu akipiga ukelele wa "zima!", kabla neno halijaisha shafti imekwishazungusha mara tisa chochote ilichokishika: kanga, mkono wa shati, kamba ya kofia, nywele. Trekta mpya huja na kifuniko cha plastiki juu ya shafti hiyo, na kwenye mashamba mengi niliyofanyia kazi nilikikuta kimepasuka au kimeondolewa kwa sababu kinasumbua wakati wa kupaka grisi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza koti la mvua hivyo. Lilichanika kutoka mwilini mwangu kwa namna ambayo sikuisikia kama kuvutwa. Niliona tu kwamba sina koti.

Sasa ndugu wa Ilala anauliza kuhusu wazazi. Nimjibu kwa upande wa kazi. Nchi kama ile ina majira mafupi ya kiangazi, na majani yasipokatwa na kukaushwa kwa wakati, ng'ombe watakaa majira yote ya baridi bila chakula. Maana yake ni kwamba baba yule, baada ya kumzika mwanawe, alitakiwa kupanda trekta na kuendelea na majani. Sijui kama wengine mnaliona hilo mnapotazama, lakini mimi kila nilipomwona mzee yule shambani niliangalia mikono yake tu. Huyo naye anapiga kelele, ila zinamezwa na injini.

#4 Nyuzi Sita

Nimefurahi kuona mchango wa Jembe la Njombe, kwa kuwa unafungua mlango ambao wengi hawaujui. Muziki huu wa metali wenyewe ulitokana na ajali ya mashine.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 mjini Birmingham, Uingereza, akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo alivyokuwa akikandamizia nyuzi. Aliambiwa asahau gitaa. Badala ya kusahau, aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza, na baadaye akazilegeza zaidi ili zikandamizike kwa urahisi. Nyuzi zikilegezwa, sauti inashuka na kuwa nzito. Uzito ule ambao leo vijana wa dunia nzima wanauita metali ulitokana pia na kijana mmoja kukwepa maumivu ya vidole.

Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka mwaka 1970. Maelezo ya filamu yanasema kwamba Hera alizaliwa mwaka huo huo, kwenye sakafu ya zizi la ng'ombe. Watu huliona hilo kama utani wa mwongozaji. Mimi naona amelitamka wazi: binti na muziki wake ni mapacha, na mashine imewapitia wote wawili.

Kwa mwanzisha uzi aliyezoea taarabu, niongeze jambo moja la kumsaidia kusikiliza. Muziki anaourithi Hera kutoka kwa Baldur ni metali ya miaka ya 1970 na 1980, wa bendi ya Judas Priest na wenzao, wenye gitaa la kuimba, waimbaji wa sauti za juu na viitikio vya kushangilia. Ni muziki wa watu wengi kuimba pamoja. Muziki anaoutunga mwenyewe zizini, mbele ya ng'ombe, ni mwingine kabisa. Ni ule wa Norwei wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenye gitaa linalokwaruza bila kupumzika, ngoma za mbio, sauti ya kukoroma isiyoshikika maneno, na rekodi ambayo imeachwa chafu kwa makusudi. Kaka alimwachia muziki wa kundi, naye akaugeuza kuwa muziki wa mtu mmoja aliyejifungia. Mtu asiyetofautisha mitindo hii miwili ataikosa nusu ya filamu, kwa sababu mabadiliko ya binti yamo kwenye sauti zaidi ya kwenye maneno, na wahusika wenyewe, kama mlivyosema, hawaongei.

#5 Kengele ya Jumapili

Nimewasoma wote kwa makini, na ninashangaa kwamba hakuna aliyeligusa jambo zito kuliko yote: binti huyu anachoma kanisa.

Tusilipite kana kwamba ni mfano wa kifasihi tu. Tarehe 6 Juni 1992, karibu na mji wa Bergen nchini Norwei, kanisa la mbao la Fantoft liliteketezwa kwa moto. Lilikuwa jengo lililojengwa karne ya 12. Yalifuata makanisa mengine, na baadhi ya vijana wa duru la metali nchini humo walifungwa kwa uchomaji wa aina hiyo, na wawili wao kwa mauaji pia. Filamu inamwonyesha Hera akizipata habari za matukio hayo kupitia televisheni, na baadaye anafanya vivyo hivyo kijijini kwao. Fantoft lilijengwa upya, likakamilika mwaka 1997, lakini mbao za miaka 800 hazirudi.

Katika filamu, kanisa linaungua, binti anakimbilia milimani, anarudi, na baada ya muda kijiji kinajenga upya naye akiwemo. Mimi ni mzee wa kanisa, na ninaamini katika msamaha kuliko watu wengi wa jukwaa hili. Hata hivyo msamaha una mashahidi, una maneno, una mtu anayesema "nimekosa". Hapa umepatikana kwa bei ya reja reja. Mwongozaji alikuwa na moto mkubwa mikononi, akauzima kwa kikombe cha maji.

#6 Kipaza Kibovu

Mzee wangu Kengele ya Jumapili, shikamoo. Nakubaliana nawe kwamba hapo filamu imekimbia, na nilikusudia kulisema hilo nikasita. Naomba tu tuangalie nini kilitangulia moto ule.

Kijijini kunafika mchungaji mpya, kijana. Hera anamtarajia awe adui, na angependa awe adui, kwa sababu adui ni mtu unayeweza kumpigia kelele. Mchungaji anapandisha mkono wa shati na kumwonyesha mchoro uliochorwa kwenye ngozi yake: ni Eddie, lile dubwana la bendi ya metali ya Iron Maiden. Anaujua muziki ule, anaupenda, na hajaona kwamba unamzuia kuvaa kola yake. Mtu wa kwanza anayezungumza na Hera kwa lugha ya Baldur ni mchungaji. Binti anachanganyikiwa, anamdhania mapenzi, anajaribu kumbusu, na anakataliwa kwa upole. Kanisa linaungua baada ya hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza, hakuchoma kanisa kwa sababu ya wimbo wowote, wala kwa sababu ya taarifa ya habari. Taarifa ya habari ilimwonyesha njia, na sikatai kwamba hilo lina uzito wake. Sababu ni kwamba mlango pekee uliowahi kufunguka ulifungwa, na uliokuwa mlangoni ni mkono wenye mchoro wa Eddie. Bado ni kosa. Nakubali pia kwamba tulistahili kumwona akilikiri mbele ya watu waliobatizwa ndani ya jengo lile.

#7 Chuma Chakavu (Nairobi)

Niruhusiwe kuchangia kutoka huku, kwa kuwa nimehudhuria maonyesho ya metali Nairobi kwa muda mrefu na ninajua kuitwa mwabudu shetani na shangazi zangu.

Kizazi chetu kilikua na woga huo rasmi kabisa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya. Tulikuwa wadogo, lakini neno lile lilishuka mpaka shuleni, na kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye fuvu alipaswa kujieleza. Kwa hiyo nilipoona Hera anavyotazamwa kijijini kwao sikuhitaji kutafsiriwa. Tofauti ni kwamba kwao kijiji kinajua sababu ya jaketi lile, kila mtu alikuwepo mazishini, na bado wanamtazama vile. Hapo nilimwonea uchungu zaidi.

Mwana wa Ilala anasema kelele zinapewa haki kuliko ukimya. Ningemwomba atafute filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2012 iitwayo Death Metal Angola, ya Jeremy Xido. Inawahusu Sonia Ferreira, mama anayelea watoto yatima mjini Huambo, na Wilker Flores, mpiga gitaa, wanaohangaika kuandaa tamasha la roki katika mji ulioharibiwa na vita. Vita vya Angola viliisha mwaka 2002 baada ya miaka 27. Vijana wale hawapigi metali kwa sababu wamekosa adabu. Wanapiga kwa sababu wamezungukwa na watu wazima ambao wameona mengi mno, na kila mmoja amefunga mdomo ili asubuhi ipite.

Hapa kwetu walitokea Duma, bendi ya metali ya watu wawili kutoka Nairobi, ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili hudhani jina ni la yule mnyama mwenye mbio, na muziki wenyewe una mbio kweli, lakini wao hulihusisha na neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Sikushauri uanze na hao kama umetoka kwenye taarabu jana.

#8 Mwana wa Ilala

Nimeitazama tena jana usiku, safari hii nikimwangalia mzee kama alivyoelekeza Jembe la Njombe. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nilipokea ukimya wa wazazi kama heshima, na sasa naona kwamba ulikuwa mzigo waliomwekea mtoto mmoja aubebe peke yake, japo hawakukusudia. Nusu nyingine naibakisha.

Naomba sasa tuzungumzie onyesho la ukumbini, kwa sababu hapo ndipo nilipokiri kwamba Nyuzi Sita amesema kweli kuhusu sauti. Wale vijana watatu wa Norwei wanapofika shambani kwa sababu wameisikia kanda yake, nilitarajia fujo. Wamekuja na nywele zao na mavazi yao meusi, na nyumbani kwa watu wanakaa kama wageni wa posa. Baadaye Hera anasimama nao jukwaani mbele ya wanakijiji, anaanza kwa kukoroma kama alivyozoea zizini, na wazee wanakodoa macho. Kisha anaacha. Anauanza wimbo ule ule kwa sauti yake mwenyewe, safi, na kwa mara ya kwanza maneno yanasikika. Nilirudia kipande hicho mara tatu. Sikujua kwamba chini ya ukwaruzaji wote ule kulikuwa na wimbo.

#9 Nyuzi Sita

Wapo mashabiki wa metali wanaokichukia kipande hicho, wakisema kwamba binti amewasaliti ili wazee wampigie makofi. Nimeshawahi kubishana nao mpaka saa saba za usiku. Gitaa halijabadilika, nyuzi ni zile zile. Amebadilisha mtu anayeimbiwa tu. Zizini alikuwa akimwimbia marehemu, na marehemu hahitaji kusikia maneno.

#10 Kipaza Kibovu

Nyuzi Sita, hapo umenisaidia kulielewa jambo la mwishoni ambalo nilishindwa kulieleza kwenye bandiko la kwanza. Filamu inaishia na wazazi na binti wakicheza pamoja wimbo wa bendi ya metali ya Megadeth nyumbani kwao. Baba yule mzito na mama yule wa kupakua chakula wanatikisa vichwa, vibaya mno, nje ya mdundo, kama wazazi wa kwetu wanapoburutwa kwenye muziki wa vijana siku ya harusi. Mtazamaji anacheka, kisha anagundua kwamba ni muziki wa Baldur unaopigwa, na kwamba wapo watatu. Hakuna hitima, hakuna mtu mzima anayesimama na kutangaza, na jamvi limekunjwa.

Redio ya kaka, kwa walioniuliza faragha, bado ipo. Wiki iliyopita niliondoa kitambaa na kufungua mgongo wake. Betri zilikwishavuja zamani na kuacha unga wa kijani kwenye springi. Mama aliniona, akaniletea mswaki wa zamani na maji ya ndimu, akakaa kunishikia tochi.

#11 Mwana wa Ilala

Mungu amrehemu kaka yako, mkuu.

Nina swali moja la mwisho ambalo naona wote mmelikwepa. Vipi kuhusu Knútur? Amempenda Hera tangu utotoni, anampokea akiwa hana pa kwenda, anamchumbia, binti anakubali na kujaribu kuvaa na kuishi kama wanawake wengine wa kijijini, halafu Wanorwei wanabisha hodi na habari ya Knútur inakwisha. Mzee Kengele ya Jumapili amelilia kanisa, na lile walau lilijengwa upya.